Dakika Kumi na Moja Baada ya Baraka

Ashukuriwe Mungu aliyenipa masikio mawili na kuyatunza yote mawili mpaka siku niliyokabidhi ufunguo wa chumba cha kanda. Ashukuriwe pia kwa subira, maana kazi yetu ilikuwa kazi ya kungoja: unangoja jenereta iwake, unangoja kwaya inyamaze, unangoja mchungaji amalize.

Vijana mlionipokea kazi mmeniomba niandike tulivyofanya zamani. Nimeona mnavyorekodi ibada kwa simu na kuituma hadi kijiji cha Mabira kabla waumini hawajafika majumbani. Sina wivu, nina maswali machache tu. Habari za vyeo sitaziandika. Vilikuja vichache na vikachelewa. Nitaandika habari za kanda, za mzee aliyenifundisha, na za muziki fulani wa ng'ambo ambao nusura uninyime mke.

Niliingia kazini mwanzoni mwa miaka ya themanini, pale Kayanga, katika chumba kimoja nyuma ya ghala la kanisa. Wilaya ya Kyerwa ilikuwa bado ndani ya Karagwe, na nyumba za sala zilikuwa nyingi kuliko wachungaji. Kwa hiyo iliamuliwa kwamba mahali asipofika mchungaji, kanda ifike. Jumapili redio kaseti iliwekwa juu ya meza yenye kitambaa cheupe, mzee wa kanisa akabonyeza, na watu wakafanya ilivyosema. Ikisema tusimame, walisimama. Ikisema tuketi, waliketi. Nimewaona wachungaji wa mwili na damu wasiotiiwa hivyo.

Fundi mkuu alikuwa Mzee Zakaria wa Ihembe, mtu mfupi mwenye koti la vifungo vinne visivyofanana. Siku yangu ya kwanza alinipa penseli, pamba na chupa ya spiriti.

"Penseli ni ya kuzungushia kanda," alisema. "Pamba na spiriti ni za kusafishia hedi, kile kichwa cha mashine kinachogusa kanda. Spiriti si ya kunywa. Aliyekutangulia alichanganya."

Kanda mpya hazikupatikana. Tulitumia zilizokwisha kutumika, zilizoletwa kwa masanduku na usharika rafiki wa huko kaskazini mwa Ulaya. Kanda iliyotoka kiwandani na muziki wake ina vitundu viwili mgongoni, na vikiwa wazi mashine inakataa kurekodi juu yake. Tuliviziba kwa karatasi iliyotafunwa. Mzee Zakaria alitafuna kalenda ya mwaka uliopita, kwa sababu ya mwaka huu, alisema, bado ilikuwa na kazi.

Baada ya hapo utaratibu ulikuwa huu: sikiliza kidogo kila upande kuona kama kanda ni nzima, rekodi ibada juu yake, kisha usizime. Mahubiri yakiisha kabla ya kanda, iache mashine irekodi ukimya mpaka mwisho, ili muziki wa zamani ufutike wote. Mzee Zakaria aliita jambo hilo kufunika mkia. Alinitamkisha mara tatu siku ya kwanza kama mtoto wa kipaimara: nitafunika mkia, nitafunika mkia, nitafunika mkia.

Mwaka wangu wa pili lilikuja sanduku lenye kanda ambayo ndani yake mlikuwa na kadi ya Kiingereza. Kiingereza changu kilikuwa cha kidato cha pili, lakini mwandiko ulikuwa mzuri. Kadi ilisema: "Kwako utakayeifuta kanda hii. Naomba kwanza usikilize upande wa pili mpaka mwisho. Baada ya hapo fanya kazi yako." Chini jina, Inge, na anwani.

Nilimwonyesha Mzee Zakaria.

"Haina muhuri," alisema, akaendelea kutafuna mwezi wa Machi.

Nikasikiliza. Nilipoanza nilidhani mashine ni mbovu. Gitaa la besi lilikuwa limekuja mbele, na lile jingine limesukumwa kwenye kona. Kinanda cha umeme kilishikilia noti moja kwa ukaidi. Ngoma zilipigwa kama mtu anayegongomea misumari huku akifikiria jambo lingine. Na mwimbaji aliimba kama anayesoma tangazo ambalo yeye mwenyewe halipendi. Nilibadilisha mpira wa kuzungushia kanda mara mbili, nikasafisha hedi, nikasikiliza tena. Mashine ilikuwa nzima. Ndivyo walivyokusudia.

Upande wa pili, mwisho kabisa, palikuwa na wimbo mrefu kuliko yote. Mtu yuko kwenye kituo kando ya kiwanda, mvua inanyesha, anasubiri basi. Ni hayo tu. Dakika kumi na moja. Nilipomaliza niligundua kwamba nilikuwa nimesimama, na sikumbuki nilisimama saa ngapi.

Nilimwandikia Inge barua ya shukrani, nikamtakia neema na amani, nikamweleza kwamba mwimbaji wake anaimba kama mtu mwenye jino bovu lakini namwamini. Baada ya muda mrefu jibu likaja. Yeye si mtu wa kanisa, alisema. Aliona tangazo la kukusanya kanda mlangoni pa jirani zake Walutheri. Alikuwa karani wa maktaba, na muziki ule yeye na wenzake waliuita wimbi jipya. Ule mkavu zaidi, wa watu wa basi, ulikuwa wa baada ya panki. Panki sisi tuliijua kama mtindo wa nywele, nikaona heri wamekuja baada yake.

Tangu hapo kila sanduku lilikuja na maagizo. "Kama ulipenda besi ya wale, ndugu zao ni wenye kibandiko cha kijani." "Wa kibandiko chekundu ni wakali, anza nao ukiwa umekula." Rafiki zake nao wakajua kuna mtu Karagwe anayesikiliza kabla ya kufuta, wakaanza kugombana ndani ya masanduku. Mmoja aliandika: "Usimfuate Inge katika habari za vinanda. Anza na hii." Inge akaandika juu ya kadi hiyohiyo: "Huyu hasikii vizuri, alikulia karibu na uwanja wa ndege." Sijapata kuona watu wanaohubiriana kwa juhudi namna ile bila hata mmoja kutaja sadaka.

Nami nilipokea mafundisho yao kwa unyenyekevu. Kwa unyenyekevu huohuo nilianza kuacha kufuta. Nilikuwa na kanda saba ndani ya debe la misumari. Niliziandika kwenye daftari kuwa zimeharibika, kwa mwandiko uleule nilioandikia tarehe za mahubiri. Jambo hilo ndilo linalonitisha mpaka leo.

Wakati huo nilikuwa nimemchumbia Kokushubira, niliyemwita Koku, binti wa Mzee Yosia wa Nyakasimbi. Mzee Yosia ndiye aliyeiongoza nyumba ya sala ya huko. Alikuwa mtu wa uamsho, wa wale wanaotubu hadharani na kukuuliza barabarani hali ya roho yako kabla hujajibu salamu. Posa ilikuwa imepokelewa, na tangazo la kwanza la ndoa lilikuwa limesomwa. Yalibaki mawili, Jumapili mbili, kisha harusi.

Juma lile mchungaji alikuwa na homa akahubiri kwa kifupi, jambo ambalo halikuwa limewahi kutokea. Kanda zilituishia. Nilibakiwa na ibada moja ya kunakili, ya Nyakasimbi, na debe la misumari. Nikatoa kanda ya basi. Nilirekodi ibada upande wa pili, sala, somo, mahubiri, baraka, Amina, na hapo nikatazama: zilibaki dakika kumi na moja. Wimbo wa basi ulikuwa bado umekaa pale pale, haujaguswa.

Nilijua la kufanya. Nilikuwa nimelitamka mara tatu. Lakini nilijiambia kwamba hakuna Mkristo anayeendelea kusikiliza kanda baada ya baraka, na kwamba Jumatatu kanda itarudi, nami nitaihamisha kwingine kwa utaratibu. Nikabonyeza, mashine ikazima.

Kilichotokea Nyakasimbi nilisimuliwa na Koku mwenyewe, aliyetembea hadi Kayanga siku iliyofuata. Alinikuta nasafisha hedi. Hakuketi.

"Kanda ilisema tusimame kwa baraka," alisema. "Tukasimama. Ikabariki. Tukangoja ituambie tuketi."

"Haikusema?"

"Ungejua. Si wewe uliyeifunga?" Alivuta pumzi. "Pakawa kimya kidogo, halafu ikaanza. Baba alikuwa amefumba macho. Hakuyafumbua. Sasa nani akae kama baba hajafumbua macho? Tulisimama, Eliasi. Akina mama wajawazito walisimama. Bibi yangu amesimama na mguu wake ule. Mpaka kanda ikakatika yenyewe."

"Watu walisema nini?"

"Walidhani ni salamu za kwaya ya ng'ambo. Mmoja aliitikia Amina mara mbili. Alipomuuliza mwalimu wa shule yule anaimba nini, mwalimu akasema hakushika maneno yote, lakini habari za Mungu hakuzisikia hata chembe." Hapo aliangalia chini. "Baba alikuwa asome tangazo letu la pili. Alikuwa ameshika karatasi. Akaikunja, akaiweka ndani ya koti."

"Alisema lini atasoma?"

"Alisema utaeleza mbele ya wazee. Akasema mtu anayeacha kazi bila kuimaliza ataacha na mke." Alifika mlangoni akageuka. "Na mimi nakuuliza. Huo wimbo ulikuwa na ulazima gani?"

Niliendelea kusafisha hedi iliyokwisha kuwa safi.

Mzee Zakaria alisikiliza kisa chote akifunga na kufungua kifungo kimoja. "Watakuuliza maneno yake," alisema. "Hawajui Kiingereza, mwalimu hatakuwapo. Kila anapoimba basi, wewe sema Bwana. Anamsubiri Bwana kwenye mvua. Inaingia vizuri kabisa."

"Mzee, huo ni uongo."

"Mimi nimekwambia inaingia. Sijakwambia uiingize."

Alhamisi wazee watatu walikuja Kayanga, kwenye chumba chetu. Mzee Yosia alikaa kwenye kiti. Pamoja naye alikuwapo mzee mmoja asiyesema, na Mama Verediana, mjane wa familia zilizotoka Rwanda zamani, aliyelima Mabira na kuogopwa kote. Niliwapa kahawa za kutafuna, zile za kuchemshwa na majani, kama inavyopaswa kwa wageni. Mzee Yosia alichukua punje moja, akaishika tu.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Kanda iko hapa. Kwa nini hukuifuta?"

Nilikuwa nimeandaa maelezo kuhusu jenereta. Yakatoweka.

"Niliupenda wimbo," nilisema.

Mama Verediana alitafuna polepole. "Angalau hakusema shetani alimshika mkono," alisema. "Mwaka huu shetani amechoka kwa kushika mikono ya watu wa Karagwe."

"Bado hatujamaliza," alisema Mzee Yosia. "Unasema nini huo wimbo?"

"Mzee," alisema Mama Verediana, "sisi wawili hatukuwapo Nyakasimbi. Hatuwezi kuhukumu tusichokisikia. Uwekwe."

Ukawekwa. Mzee Yosia aliamuru nitafsiri mstari kwa mstari. Nilimwona Mzee Zakaria kando ya mlango akinitazama kwa uso wa mtu anayesema inaingia. Mwimbaji akaanza kusoma tangazo lake. Mbele yangu alikaa baba wa Kokushubira, na ndani ya koti lake karatasi yangu. Kutamka Bwana mahali pa basi kungenipa mke siku hiyohiyo.

"Anasema anasubiri basi," nilisema.

"Halafu?"

"Mvua inanyesha. Anasema basi halijafika."

"Halafu?"

"Anasema walimwambia lingefika asubuhi."

Besi ilizidi kutembea. Baada ya muda Mzee Yosia aliuliza, "Sasa?"

"Bado, baba. Halijafika."

Mama Verediana aliweka maganda ya kahawa chini. "Mimi mwaka juzi nilisubiri gari la kwenda Bukoba siku mbili na kuku mikononi," alisema. "Mmoja alitaga. Hiyo si dhambi ya Ulaya. Hiyo ni Karagwe."

Yule mzee asiyesema akatikisa kichwa kukubali. Kanda ilipokatika, Mzee Yosia alikuwa ameitafuna ile punje bila kujua.

"Unazo nyingine?" aliuliza.

Swali hilo Mzee Zakaria hakuwa amenipa jibu lake.

"Zilikuwa saba pamoja na hiyo. Ziko kwenye debe la misumari. Kwenye daftari niliandika zimeharibika."

Mama Verediana aliacha kutafuna. Mzee Yosia alitoa karatasi ndani ya koti, akaitazama, nami nikadhani ataichana. Aliiweka gotini.

"Basi la watu si kosa lako," alisema. "Daftari ni kosa lako. Na watu wangu walisimama dakika kumi na moja kwa sababu yako. Jumapili utakuja Nyakasimbi. Utasema ulivyoandika kwenye daftari. Kisha wao wataketi na wewe utasimama mbele yao dakika kumi na moja. Kimya."

"Ndiyo, baba."

"Tutajuaje zimetimia?" aliuliza Mama Verediana. "Saa yenu ya ukutani imekufa tangu Pasaka, na yako ya mkononi unaijua mwenyewe."

Mzee Yosia alifikiri. Alikuwa mtu wa haki, hakutaka nipunjwe wala nizidishiwe.

"Itawekwa kanda," alisema mwishowe.

Ndivyo ilivyokuwa kwamba waumini wa Nyakasimbi waliusikia wimbo wa basi kwa mara ya pili, safari hii wakiwa wameketi vizuri. Nilisimama mikono nyuma na uso chini. Kwenye safu ya wanawake Koku alikuwa ameuma mtandio wake asicheke. Kufikia dakika ya saba bibi mwenye mguu alikuwa akitikisa ule mzima. Kanda ilipokatika Mzee Yosia alisimama, akakunjua karatasi, akasoma tangazo la pili kwa sauti ileile ya mwimbaji.

Kulikuwa na sharti. Wazee waliamua kwamba kanda yoyote ya ng'ambo isifutwe wala kuwekwa na mtu mmoja; lazima wasikilize wawili, na wa pili awe mtu wa kuaminika. Mzee Yosia alijitolea mwenyewe, kwa ajili ya ulinzi. Tangu harusi yetu, kila Alhamisi aliyoweza alikuja Kayanga na daftari. Aliandika kwa safu tatu. Ya kwanza: Ifutwe. Ya pili: Isifutwe. Ya tatu, ambayo hatukuwa tumeijadili kwenye kikao, ilisema: Irudiwe Alhamisi. Mwaka ulipoisha ile ya tatu ilikuwa ndefu kuliko zote mbili.

Sikumwona akifurahi hata mara moja. Alikaa wima, kofia gotini, akisikiliza kama hakimu. Lakini alianza kuuliza. "Huyu ndiye ndugu wa wale wa kibandiko cha kijani?" Ndiye, baba. "Amezidisha kinanda. Mwambie Inge." Nami nilimwambia Inge, na Inge akaandika kwamba kwa mara ya kwanza kuna mtu mwenye akili upande wake. Akatuma zaidi, kadi juu yake imeandikwa: Kwa Mzee wa Alhamisi.

Kazi nyingine ziliendelea, msidhani tulikaa tu. Niliwahi kupokea kanda iliyojaa samli kutoka kwa wafugaji walioihifadhi pamoja na vibuyu vya maziwa ili mbuzi asiile. Ilichukua siku nne na pamba nyingi, na mpaka leo nikisikia zaburi ile nasikia njaa. Mzee Zakaria alistaafu, akaniachia penseli yake iliyobaki urefu wa kidole. Kila mkia niliufunika.

Miaka ya tisini ilikuwa imefika katikati Mzee Yosia aliponijia siku ambayo haikuwa Alhamisi. Alikuwa amezeeka. Alitoa kwenye koti kanda iliyofungwa kwa leso.

"Mashine imeila," alisema. "Ni mahubiri. Ya mchungaji yule aliyekuwa na homa."

Niliifungua kwa bisibisi ndogo. Kanda husema kweli kuhusu mwenye nayo. Sehemu ya sala, somo na mahubiri ilikuwa inang'aa kama mpya. Kuanzia baada ya baraka ilikuwa imechakaa, imekunjamana, imepauka kwa kurudishwa na kurudishwa, na hapo ndipo mashine ilipoila. Nilikata palipoharibika, nikaunga kwa selotepu, nikaizungusha kwa penseli ya Mzee Zakaria.

"Umeona ilipoliwa," alisema.

"Nimeona, baba."

"Koku asijue."

"Hatajua."

Aliifunga tena kwenye leso. Alifika mlangoni akasimama palepale aliposimama binti yake.

"Yule Inge bado anaandika?"

"Anaandika."

"Muulize kama basi lilifika."

Nilimuuliza. Jibu lilichukua miezi mitatu, kwa sababu Inge alingoja kundi lile lipite mjini kwake, akasimama kwenye baridi mlangoni baada ya onyesho, mama mwenye mvi sasa, akamuuliza mwimbaji mwenyewe kwa niaba ya mzee wa Nyakasimbi. Mwimbaji alisema hakuna mtu aliyewahi kumuuliza. Alisema halikufika, alitembea.

Nilipeleka barua Nyakasimbi kwa baiskeli. Mzee Yosia alikuwa kwenye migomba yake akiondoa majani makavu. Nilimsomea. Aliondoa jani moja zaidi, akalishika mkononi.

"Umbali gani?" aliuliza.

"Hakusema, baba."

"Muulize."

Daftari la safu tatu ninalo, na kanda ya leso ninayo, tangu Bwana alipompumzisha. Koku amesoma haya kabla yenu na amesema alijua siku zote.

Nawe usomaye, Mungu asafishe masikio yako kama pamba na spiriti, akupe ujasiri wa kuandika kweli kwenye daftari. Akujalie basi unalolingoja lifike; na lisipofika, akupe wa kutembea naye, hata awe mkwe wako. Amina. Sasa mnaweza kuketi.